Sauti za Kuazima, Hoja za Siasa: Uundaji wa Albamu ya Public Enemy ya Mwaka 1988

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuitafuta siasa ya wimbo katika maneno yake. Mwimbaji akimtaja mtawala, akiitaja njaa au akiitaja jela, wimbo wake huhesabiwa kuwa wa kisiasa. Asipovitaja, huhesabiwa kuwa wa mapenzi au wa burudani tu. Njia hii ina manufaa yake, lakini haitoshi inapofikiwa kazi ambayo sauti zake zenyewe, mbali na maneno, zimekusanywa na kupangwa ili zitoe hoja. Makala haya yanaichunguza kazi moja ya namna hiyo, nayo ni albamu ya kundi la Public Enemy la Marekani iitwayo It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back, iliyotolewa mwaka 1988 na kampuni ya Def Jam ya New York. Jina hilo, ambalo asili yake ni mshororo katika wimbo mmoja wa albamu yao ya kwanza, laweza kufasiriwa hivi: ‘Kutuzuia sisi kwahitaji taifa la mamilioni’.

Dai linalotetewa hapa ni kwamba siasa ya albamu hiyo imo katika namna ilivyoundwa kabla ya kuwamo katika yaliyosemwa. Waundaji wake walichukua vipande vya santuri za zamani na vya hotuba za watu waliokwisha kufa, wakavipanga upya, na kwa kufanya hivyo wakadai kuwa historia ya Wamarekani Weusi ni hazina ambayo vizazi vyake vina haki ya kuitumia bila kuomba ruhusa. Dai hilo lilizua swali ambalo mahakama za Marekani zimelijadili kwa zaidi ya miaka 30, na ambalo wataalamu wa lugha na fasihi za Afrika hawawezi kulikwepa: sauti iliyorekodiwa ni mali ya nani?

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi mbili zibainishwe. Msanii wa hip-hop haimbi kwa mahadhi, bali hutamka mashairi yake kwa kufuata mdundo. Kiswahili kina neno kongwe kwa tendo hilo, nalo ni kughani. Kwa hiyo msanii huyo ataitwa mghani. Pili, kipande cha santuri kilichonakiliwa kwa mashine na kutiwa ndani ya wimbo mwingine kitaitwa dondoo la sauti, na kazi yenyewe itaitwa udondoaji. Neno dondoo hutumiwa katika uhakiki kwa maana ya sehemu iliyonukuliwa kutoka katika matini fulani, na maana hiyo haikupotoka hapa.

2. Mazingira ya albamu

Albamu hii ilitungwa kati ya mwaka 1987 na 1988, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Ronald Reagan. Mambo mawili ya wakati huo yanahitaji kutajwa.

La kwanza ni uhasama wa rangi katika jiji la New York. Mnamo Desemba 1986, katika mtaa wa Howard Beach, kundi la vijana Wazungu liliwashambulia wanaume Weusi ambao gari lao lilikuwa limeharibika. Mmoja wao, Michael Griffith, aliyekuwa na umri wa miaka 23, aligongwa na gari na kufa alipokuwa akiwakimbia. Kisa hicho kilizusha maandamano makubwa.

La pili ni dawa ya kulevya iitwayo krak, ambayo ni kokeini iliyopikwa hata ikawa vipande vya kuvutwa kwa moshi. Dawa hiyo ilienea kwa kasi katika mitaa ya maskini. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyomtia gerezani kwa muda usiopungua miaka 5 mtu aliyepatikana na hatia ya kusambaza gramu 5 za krak, ilhali ilimbidi msambazaji wa kokeini ya unga awe na gramu 500 ndipo apate adhabu hiyo hiyo. Maadamu waliokamatwa kwa ajili ya krak walikuwa kwa wingi Weusi, uwiano huo wa mmoja kwa mia ulihisiwa kuwa ni ubaguzi uliovikwa vazi la sheria. Ulipunguzwa mwaka 2010, ukawa mmoja kwa kumi na nane, lakini haukuondolewa.

3. Watendaji na mgawanyo wa kazi

Kiini cha kundi hilo hakikutoka katika mitaa ya Bronx ambako hip-hop ilizaliwa, bali katika vitongoji vya Long Island, mashariki ya jiji la New York, ambako familia nyingi za Weusi wenye kipato cha kadiri zilikuwa zimehamia. Mghani mkuu, Carlton Ridenhour, ajulikanaye kama Chuck D, alikulia Roosevelt na kusomea usanifu wa michoro katika Chuo Kikuu cha Adelphi. Yeye ndiye aliyebuni nembo ya kundi, yenye umbo la mtu aliyewekwa katikati ya shabaha ya bunduki. Chuo hicho kilikuwa na redio yake, WBAU, na huko ndiko walikokutana wengi kati ya watu walioijenga albamu. Hank Shocklee na nduguye Keith walikuwa na kikundi cha kuchezesha santuri katika sherehe, kilichoitwa Spectrum City. Kutokana na kazi hiyo walikuwa na santuri nyingi mno, na walijua kwa uzoefu ni kipande kipi cha wimbo upi kinachowainua watu vitini.

Kikosi cha watayarishaji kilichokuja kuitwa Bomb Squad kiliwajumuisha ndugu hao wawili, Chuck D mwenyewe, na Eric Sadler, mwanamuziki aliyekuwa na ujuzi wa ala na mashine za ngoma. Tofauti ya vipawa ilikuwa nguzo ya kazi yao. Sadler alitaka sauti zioane kimuziki. Hank Shocklee, kama alivyoeleza katika mahojiano mbalimbali, aliziwinda kelele zenyewe, akiona kuwa muziki uliopangika mno hauwezi kuchukua ghadhabu iliyokusudiwa. Mvutano huo hausikiki kama kasoro katika albamu. Husikika kama mshindo wa vitu viwili vinavyosukumana bila kimoja kushinda.

Katika ughani pia palikuwa na sauti mbili. Sauti ya Chuck D ni nzito na ya mamlaka, yenye kumkumbusha msikilizaji mhubiri mimbarini na mtangazaji wa michezo kwa wakati mmoja. Sauti ya mwenzake, William Drayton, ajulikanaye kama Flavor Flav, ni nyembamba na yenye mzaha. Humwitikia mkuu, humchochea na wakati mwingine humkatiza. Wachunguzi wa fasihi simulizi watautambua mara moja uhusiano huu. Ni ule wa fanani na mwitikiaji wake, ambaye kazi yake ni kuithibitisha kauli ya fanani na kuipumzisha hadhira. Ujumbe wote wa albamu ungalighaniwa na Chuck D peke yake, huenda hadhira ingalichoka kabla ya upande wa kwanza wa santuri kwisha.

4. Ala na mbinu

Kazi ya kurekodi ilifanyika katika studio kadhaa za New York, zikiwamo Chung King na Greene Street. Mashine zilizotumika zilikuwa mpya wakati huo. Mojawapo, E-mu SP-1200, ilitoka madukani mwaka 1987, na kumbukumbu yake iliweza kubeba takribani sekunde 10 tu za sauti. Uhaba huo uliathiri sanaa. Kwa kuwa haikuwezekana kunakili wimbo mzima, mtayarishaji alilazimika kuchagua: pigo moja la ngoma, mguno mmoja, mlio mmoja wa tarumbeta. Watayarishaji wa enzi hiyo walizoea pia kuizungusha santuri kwa kasi kuliko kawaida wakati wa kuinakili, ili kuokoa nafasi, kisha wakaipunguza kasi ndani ya mashine. Sauti iliyotoka ilikuwa imeparara, na ukavu huo ukawa sehemu ya ladha.

Mbinu ya Bomb Squad ilikuwa kulundika. Badala ya kuuchukua mdundo wa santuri moja na kuughani, walipandanisha vipande vya santuri nyingi, kimoja juu ya kingine, hata msikilizaji asiweze kukitenga kipande kimoja na jirani yake. Wimbo uliowaonyesha njia ulikuwa Rebel Without a Pause, uliotolewa mwaka 1987, kabla ya albamu kukamilika. Ngoma zake zimedondolewa kutoka Funky Drummer ya James Brown, iliyopigwa na Clyde Stubblefield. Na juu ya ngoma hizo hupanda mlio mkali wa saksafoni kutoka The Grunt, santuri ya mwaka 1970 ya kundi la The J.B.’s, waliokuwa wapigaji wa James Brown huyo huyo. Katika santuri ya asili mlio huo husikika mwanzoni tu, kama kishindo cha kufungulia wimbo. Katika kazi ya Public Enemy unarudiwa karibu bila kukoma, hata ukageuka kuwa king’ora. Hakuna noti iliyoongezwa. Kilichobadilika ni idadi ya kurudiwa, na kwa badiliko hilo tu furaha imegeuzwa kuwa tahadhari.

Jambo jingine lililofanywa kwa kusudi ni kasi. Nyimbo nyingi za albamu hii zina mwendo wa haraka kuliko zile za albamu ya kwanza ya mwaka 1987, kwa sababu kundi lilikwisha kupanda majukwaani na kuona kuwa mwendo wa polepole haukuliwasha jukwaa.

5. Mpangilio wa albamu

Chuck D amesema kwamba waliazimia kutunga kazi ambayo ingekuwa kwa hip-hop kama What’s Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971, ilivyokuwa kwa muziki wa soul, yaani kazi inayosikilizwa kutoka mwanzo hadi mwisho kama utungo mmoja. Kwa hiyo nyimbo 16 zilipangwa katika pande mbili, nane kila upande, na nafasi ya ukimya kati ya wimbo na wimbo ikazibwa. Kiungo kilichotumika ni sauti za onyesho lililofanywa London Novemba 1987, katika ukumbi wa Hammersmith Odeon. Umati wa Waingereza unasikika ukipiga kelele za kuwashangilia wageni.

Kutumia sauti za London kulikuwa na maana iliyozidi kuziba pengo. Kundi lililopuuzwa na redio nyingi za kwao lilileta ushahidi wa kwamba lilikuwa likipokelewa ng’ambo. Mtume hakubaliki kwao, kama wasemavyo watu; lakini hapa mtume aliurekodi ukubali wa ugenini na kuurudisha nyumbani kama hoja. Inajulikana pia kwamba karibu na mwisho wa kazi Hank Shocklee alizigeuza pande mbili za santuri, ule uliokusudiwa kuwa wa pili ukawa wa kwanza, ili albamu ianze na umati huo. Badiliko hilo halikugusa neno hata moja, ila liliugeuza utungo mzima: badala ya kuanza kwa mawaidha, albamu inaanza kwa hadhira.

6. Dondoo linavyobadili maana: mifano mitatu

Mfano wa kwanza ni mwanzo wa Bring the Noise. Wimbo huu unafunguliwa kwa sauti ya Malcolm X, aliyeuawa mwaka 1965. Dondoo hilo limetoka katika hotuba aliyoitoa Detroit mwaka 1963, alipokuwa akiyashambulia maandamano ya Washington ya mwaka huo huo. Katika hotuba hiyo Malcolm X alitumia tashbihi ya kahawa: kahawa iliyo nyeusi na kali kupita kiasi hutiwa maziwa, ikapoteza ukali, ikapoa na hatimaye ikamlaza aliyekusudia kuinywa ili awe macho. Ndivyo, kwa maoni yake, harakati ya watu wa chini ilivyotiwa maji na wakubwa. Watayarishaji wa Public Enemy waliyakata maneno yanayoutaja weusi na ukali wa kahawa, wakayaunganisha, wakaiacha kahawa yenyewe. Katika hotuba, sifa hizo zilikuwa za kitu kilichokwisha kuharibiwa. Katika wimbo, zimekuwa za waghani wenyewe, na tena sifa za kujivunia. Kiisimu, vivumishi vimebaki na nomino imefutwa, na nafasi iliyoachwa wazi imejazwa na yeyote anayesikika baadaye. Msikilizaji anayeijua hotuba husikia pia onyo lililofichika: kwamba sauti hii nayo yaweza kutiwa maziwa.

Mfano wa pili ni Night of the Living Baseheads, wimbo unaowalaani wauzaji wa krak na kuwasikitikia watumiaji wake. Katika Kiingereza, neno la mtaani la kokeini ya kuvutwa na neno la sauti nzito za muziki hutamkwa sawasawa, ingawa huandikwa tofauti. Mwanzoni mwa Bring the Noise, Chuck D anauliza sauti hizo nzito zaweza kushuka chini kiasi gani. Kauli hiyo hiyo, katika sauti yake yeye mwenyewe, imedondolewa na kutiwa ndani ya wimbo wa krak. Sasa hakiulizwi tena kina cha muziki, bali mtu anayevuta dawa aweza kushuka chini kiasi gani. Mtungaji amejinukuu, na nukuu imegeuka kuwa kemeo. Mchezo huu wa maneno yenye matamshi mamoja na maana mbalimbali si mgeni kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifahamika kwa ustadi wa namna hiyo karne mbili zilizopita. Kilicho kipya ni kwamba hapa neno halirudiwi na mtungaji kwa ulimi wake, bali tukio lile lile la kutamka ndilo linalorudishwa, likiwa na pumzi na kishindo chake cha awali.

Mfano wa tatu ni Black Steel in the Hour of Chaos, hadithi ya mfungwa Mweusi aliyepokea barua ya serikali ikimtaka aingie jeshini, akakataa, kisha akapanga kutoroka gerezani. Hapa ulundikaji umepunguzwa. Kinachotawala ni kipande kifupi cha piano kilichotoka katika wimbo wa Isaac Hayes wa mwaka 1969, kikizunguka bila kufika popote. Katika wimbo wa asili kipande hicho ni sehemu ya mwendo mrefu wa starehe. Kikikatwa na kurudiwa, kinakuwa hatua za mtu anayezunguka ndani ya chumba kidogo. Umbo la mdundo limekuwa picha ya kifungo kabla mghani hajafungua kinywa.

Mifano hii mitatu yatosha kuonyesha kuwa dondoo la sauti si pambo. Lina kazi ile ile ambayo nukuu huifanya katika hoja: kumleta shahidi, kumpa neno, na kulitia neno lake katika muktadha usiokuwa wake.

7. Udondoaji na takhmisi

Je, jambo hili lina kifani katika fasihi ya Kiswahili? Utanzu unaokaribia ni takhmisi. Katika takhmisi mshairi huchukua shairi la mshairi aliyemtangulia, na kwa kila ubeti hutanguliza mishororo mitatu yake mbele ya miwili ya mwenzake, hata ubeti ukawa na mishororo mitano. Mfano maarufu ni Takhmisi ya Liyongo, ambayo aghalabu huhusishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtungaji wa Al-Inkishafi. Humo maneno yanayonasibishwa na shujaa Fumo Liyongo yamezungukwa na maneno ya mtu aliyeishi baada yake kwa karne kadhaa, na sauti hizo mbili zinasomwa kama moja.

Mfanano ni wa dhati. Katika tanzu zote mbili kazi mpya haiwezi kusimama bila ya ile ya kale. Na katika zote mbili msomaji au msikilizaji aijuaye kazi ya kale hupata ladha zaidi kuliko asiyeijua. Hata hivyo zipo tofauti mbili kubwa. Kwanza, takhmisi huihifadhi kazi ya asili nzima na kwa mfuatano wake, ilhali udondoaji huivunja na kukizika kila kipande chini ya kingine. Pili, mwandishi wa takhmisi hukopa maneno, na maneno hayabebi mwili wa aliyeyasema. Mdondoaji hukopa tukio lenyewe la sauti: mkono wa mpiga ngoma fulani, siku fulani, katika chumba fulani. Tofauti hii ya pili ndiyo iliyoleta mgogoro wa kisheria.

8. Kasoro za albamu

Haifai albamu hii isifiwe kana kwamba haina ila. Wimbo She Watch Channel Zero?!, uliojengwa juu ya gitaa kali la kundi la Slayer, unamlaumu mwanamke anayetazama tamthilia za televisheni badala ya kuzijali habari za watu wake. Wahakiki wameeleza kwa haki kuwa lawama hiyo imemwangukia mwanamke peke yake, kama kwamba wanaume hawakuwa wakiitazama televisheni hiyo hiyo. Aidha, sifa alizopewa Louis Farrakhan, kiongozi wa Nation of Islam, zilipokewa kwa uchungu na wale waliozijua kauli zake dhidi ya Wayahudi. Mwaka 1989 Professor Griff, mmoja wa wanakundi, aliwatukana Wayahudi katika mahojiano na gazeti la Washington, na kundi likaingia katika msukosuko uliomfanya aondolewe. Kazi inayodai haki kwa watu wake inapimwa kwa kipimo hicho hicho inapowazungumzia wengine.

9. Mwenye sauti ni nani?

Mojawapo ya nyimbo za albamu, Caught, Can We Get a Witness?, inamwonyesha mghani akiwa mahakamani kwa shtaka la kuiba midundo. Mwaka 1988 hilo lilikuwa bado ni jambo la kubuni kwa sehemu kubwa, lakini halikukawia kutimia. Mnamo Desemba 1991 mahakama ya New York ilitoa hukumu dhidi ya mghani Biz Markie na kampuni yake kwa kudondoa wimbo wa Gilbert O’Sullivan bila idhini. Jaji Kevin Duffy aliifungua hukumu yake kwa amri ya Taurati inayokataza wizi. Tangu hapo kampuni za santuri zilidai kila dondoo liombewe ruhusa na kulipiwa. Mwaka 2005 mahakama ya rufani ikaenda mbali zaidi katika kesi ya Bridgeport, ikakataa utetezi kwamba kipande kilichochukuliwa, ambacho asili yake ilikuwa sekunde 2 tu za gitaa, kilikuwa kidogo mno. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufani, katika kesi iliyohusu wimbo Vogue wa Madonna, iliamua kinyume chake.

Matokeo kwa sanaa yalikuwa makubwa. Msanii mwenye dondoo moja kubwa katika wimbo aliweza kuilipia. Mwenye madondoo kumi au ishirini ya wenyewe mbalimbali hakuweza. Mbinu ya kulundika, ambayo ilikuwa sarufi ya albamu hii, ilifungwa kwa bei wala si kwa marufuku.

Je, basi sheria ilikuwa adui wa haki? Jibu si jepesi. Clyde Stubblefield, ambaye mapigo yake katika Funky Drummer ni miongoni mwa sauti zilizodondolewa mara nyingi zaidi duniani, hakuandikwa kuwa mtunzi wa wimbo huo, na kwa hiyo hakuwa na haki ya malipo ya utunzi. Alifariki mwaka 2017 akiwa mashuhuri kwa mapigo ambayo hayakumtajirisha. Udondoaji haukumlipa, na sheria iliyokuja kuuzuia udondoaji haikumlipa pia, kwani sheria hulinda hati, na aghalabu mwenye hati si mwenye mkono. Na Public Enemy wenyewe walikuja kuonja shubiri hiyo. Mwaka 1990 mdundo wa Security of the First World, kipande cha albamu hii kisichokuwa na ughani, ulisikika ndani ya Justify My Love ya Madonna, na Hank Shocklee akalalamika hadharani. Lakini mdundo huo nao ulikuwa umetokana na mapigo ya Stubblefield. Aliyedondoa alidondolewa, na mpiga ngoma alibaki pale pale alipokuwa.

Hapo ndipo penye uzito wa suala. Dai la albamu kuwa sauti za wazee ni urithi wa vizazi vyao ni dai la haki dhidi ya kampuni zilizonunua urithi huo kwa bei ya chini. Lakini neno urithi huficha watu. Jumuiya yaweza kudai hazina yake ya pamoja na wakati huo huo ikamsahau fundi mmoja aliyeichonga.

10. Hitimisho

Albamu hii iliongoza kura ya wahakiki ya gazeti la Village Voice kwa mwaka 1988, na hadi leo huwekwa miongoni mwa kazi kuu za muziki wa Marekani. Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa ukuu huo haukutokana na ukali wa maneno peke yake. Umetokana na kuafikiana kwa maneno na uundaji: watu waliodai kuwa historia yao imenyamazishwa waliitumia historia hiyo, kwa sauti zake zenyewe, kuwa malighafi ya madai yao.

Kwa wachunguzi wa lugha na fasihi za Afrika Mashariki, somo hili lina matumizi mawili. La kwanza ni la uhakiki. Hip-hop ya Kiswahili, tangu Kalamashaka wa Dandora hadi Professor Jay wa Tanzania, imechambuliwa zaidi kwa maneno yake kuliko kwa sauti zake. Hata hivyo, katika Ndio Mzee ya Professor Jay, iliyotoka mwaka 2001, kejeli haimo katika ahadi za mgombea tu. Imo pia katika umati unaoitikia kila ahadi kwa kukubali, na mwitikio huo ndio uliokuwa jina la wimbo. Asiyeusikiliza umati huo ameupata nusu ya wimbo.

La pili ni la maadili ya utafiti. Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kuyalinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayoitambua jumuiya kuwa mwenye mali hiyo. Hatua hiyo ni ya kheri. Lakini kisa cha Stubblefield kinaonya kwamba haki ya jumuiya haimfikii mtu mmoja mmoja kwa yenyewe. Katika hifadhi za vyuo vikuu zimo kanda za manju, za waimbaji wa arusini na za wapiga ngoma, ambazo siku moja zitadondolewa na vijana wenye mashine bora kuliko zile za mwaka 1988. Kila kanda iliyoandikwa juu yake jina la kabila, mahali na tarehe, bila ya jina la aliyeimba, imekwisha kulitolea jibu swali la mwenye sauti, na jibu hilo si la haki.